Kichwa cha Wifi

Mimi ni meneja wa saluni na sijui kusuka. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa, na nimechoka kuona watu wakiviangalia vidole vyangu kana kwamba nimewaibia kitu. Kabla ya hapa nilikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Mwenye saluni alikuja pale siku moja shavu limemvimba, akanikuta nawaambia watu ishirini wasubiri bila hata mmoja kunitukana, akasema kipaji kama hicho kinapotea kwenye meno. Wiki iliyofuata nilikuwa na ufunguo wa saluni mkononi. Sasa ni miaka sita.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, iko hivi. Mteja anakuja na picha kwenye simu, na ndani ya picha kuna mwanamke mwenye nywele nyingi, paji dogo na shingo ndefu. Mteja anataka vyote vitatu. Mwingine ameweka nafasi ya saa tatu, anafika saa sita, halafu anakukasirikia wewe kwamba saa sita kuna watu. Mwingine anafumuliwa nusu, anasema anatoka mara moja kununua maji, unamwona kesho yake. Umeme unakatika mtu akiwa na rangi kichwani. Maji yanakatika mtu akiwa na povu hadi masikioni. Wasusi wanagombea kiti cha dirishani, wanagombea kitana, wanagombea mteja aliyekuja mara moja tu mwaka juzi na hakusema atarudi. Mimi nasimama katikati nikitabasamu, na jioni nikifika nyumbani mashavu yananiuma.

Hayo yote nimeyazoea. Nisiyemzoea ni Wifi.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Ni mwalimu, tena mwalimu hasa, yule ambaye akiingia sebuleni kwako unajikuta umekaa wima kwenye kiti chako mwenyewe. Katika miaka yote sita hakuwahi kukanyaga saluni yangu. Alikuwa akisukwa na jirani yake, mistari minane kurudi nyuma, Januari mpaka Desemba. Na siku moja tukiwa mezani, mama mkwe yupo, mashemeji wapo, alisema kwa ile sauti yake ya darasani, "Mdogo wangu ameoa meneja wa saluni asiyeweza kusuka hata mwanasesere. Sasa anasimamia nini?" Watu walicheka. Na mimi nilicheka, ningefanyaje, lakini lile swali nilirudi nalo nyumbani.

Kwa hiyo Jumanne mume wangu aliponiambia kwamba dada yake amepewa ukuu wa shule, kwamba Ijumaa asubuhi atakabidhiwa mbele ya walimu na wazazi, na kwamba yule jirani amesafiri hivyo Alhamisi atakuja kusukwa kwangu, nilikaa kitako.

"Usimharibu tu," alisema mume wangu.

Nikamwambia aende akaoge.

Wengine wangeogopa. Mimi niliogopa pia, lakini zaidi nilifurahi. Nilitaka kitu kimoja tu: Wifi ainuke kwenye kile kiti akijua kwamba nina kazi, na kwamba naiweza.

Wasusi wangu bora ni wawili, na husuka kichwa kimoja kwa pamoja, mmoja kulia na mwingine kushoto. Ndiyo sifa yetu. Kichwa ambacho kwingine kinamla mtu siku nzima, kwetu kinakwisha nusu siku. Wa kulia tunamwita Shangazi, ingawa si shangazi wa yeyote pale ndani. Ni umri wake, na namna anavyokukagua ukichelewa ilhali yeye mwenyewe ameingia nyuma yako. Husuka nyembamba na taratibu. Wa kushoto ni Chapuchapu, na yeye jina limemtosha. Tatizo la hawa wawili ni mdomo. Wakishika kichwa tu, wanashika na habari: nani kaachwa, nani karudiwa, nani kanunua sofa ambalo halipiti mlangoni. Mteja aliye katikati yao anageuzwa hakimu, anaulizwa yeye angefanyaje, na ole wake atoe hukumu nyepesi. Nimewasema miaka sita. Ilikuwa sawa na kuyasema matone ya mvua.

Jumatano kabla ya kufunga niliwaita wote wawili.

"Kesho anakuja wifi yangu," nikawaambia. "Ni mwalimu, na Ijumaa anakuwa mkuu wa shule. Sitaki soga. Sitaki fulani kafanya nini. Nataka kimya."

"Kimya cha kawaida?" aliuliza Shangazi.

"Kimya kabisa. Mwenye neno aje aniambie mimi."

"Hata nikitaka kitana?" alisema Chapuchapu.

"Utanyoosha mkono."

Walitazamana. Ni watu nimefanya nao kazi miaka sita, nilipaswa kujua kutazamana kule kuna maana gani. Lakini akili yangu ilikuwa kwenye mapazia, kama niyafue usiku ule au niyageuze tu upande wa pili.

Alhamisi Wifi alifika saa mbili kasoro robo. Sijawahi katika maisha yangu ya saluni kuona mteja akifika kabla ya ufunguo. Nilimkuta amesimama mlangoni, mkoba ameushika kwa mikono miwili, ananitazama natembea kutoka mbali mpaka nikasahau mikono yangu huwa naiwekaje nikitembea. Nikamkaribisha, nikampa chai, nikamwonyesha mashine za kukaushia nywele kana kwamba anataka kuzinunua. Alipitisha kidole juu ya kibao cha kioo, akakitazama kidole, akakifuta kwenye leso yake.

"Wafanyakazi wako huingia saa ngapi?"

"Saa mbili, Wifi."

Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na nusu. Wifi akinyamaza unasikia kalamu nyekundu ikiandika.

Waliingia saa tatu na dakika kumi, wameongozana, wamefunga midomo. Walimsalimia Wifi shikamoo kwa adabu ambayo sikujua kama wanayo. Ndipo Wifi akafungua mkoba na kutoa, badala ya simu, karatasi. Alikuwa amechora. Kichwa kimoja kimechorwa kutoka mbele, kingine kutoka pembeni, mishale inaonyesha nywele zinakwenda wapi na zinaishia wapi, na chini, kwa mwandiko wa ubaoni, ameandika: Nadhifu. Unene wa wastani.

Shangazi aliisoma, akaitikia kwa kichwa. Chapuchapu aliisoma, akaitikia kwa kichwa. Mmoja akapita kulia, mwingine kushoto, wakaanza nyuma shingoni kupanda juu kama kawaida. Nikazima redio.

Ilikuwa ajabu. Ulisikia nywele zikigawanywa. Ulisikia cherehani ya fundi wa duka la jirani, ambayo kwa miaka sita sikuwahi kujua kwamba inasikika kwetu. Baada ya nusu saa hivi Wifi alifumba macho na kusema, "Pametulia hapa." Nilikuwa karibu kuruka. Nilienda nyuma kwenye sinki nikajipongeza kimoyomoyo, kisha nikaendelea na dunia yangu.

Dunia yangu siku hiyo ilikuwa na mteja wa rangi, ambaye wiki iliyopita alitaka awe mwekundu na sasa alitaka nimrudishie nywele zake za mwanzo, kana kwamba nimezihifadhi stoo. Ilikuwa pia na mama aliyemleta binti yake kuoshwa. Binti alilia, mama akambembeleza, mwishowe mama naye akalia, nikabaki na taulo moja na watu wawili. Katikati ya hayo Chapuchapu alinijia kwa nyatunyatu.

"Meneja, naomba umwambie Shangazi asogeze kiti kidogo."

"Si umwambie mwenyewe?"

"Ulikataza."

Nikaenda nikamwambia Shangazi asogeze kiti. Baadaye nikaitwa kumwambia Chapuchapu apitishe mafuta. Hapo nilikuwa nimekwisha kuwa tarishi, lakini nilijiambia heshima ina gharama zake. Mara ya tatu alikuja Shangazi mwenyewe, akasimama pembeni ya sinki, mikono ameifumbata.

"Meneja, kuna jambo kuhusu kile kichwa."

Mimi nilikuwa na rangi hadi viwikoni na mteja wa rangi alikuwa akiniambia ile siyo nyeusi aliyozaliwa nayo.

"Baadaye, Shangazi," nikanong'ona. "Tafadhali. Kimya."

Shangazi alishusha mikono. "Haya," akasema, akarudi.

Ilipofika saa saba na nusu nilinawa, nikachukua kile kioo kidogo cha kumwonyeshea mteja kisogo, nikatoka mbele nikiwa nimeshavaa tabasamu la kupokea pongezi. Nikasimama.

Upande wa kulia Wifi alikuwa na misuko myembamba, imelala safi, mingi kiasi kwamba ukianza kuihesabu unakata tamaa, na Shangazi alikuwa bado chini ya sikio. Upande wa kushoto alikuwa na kamba. Siwezi kuziita jina jingine. Nene, zinang'aa, chache, na Chapuchapu alikuwa ameshafika utosini, amekaa, anasubiri. Mstari wa katikati, pale ambapo pande mbili hukutana, ulikuwa kama umechorwa na watu wawili tofauti wanaokwenda sehemu mbili tofauti. Wifi mwenyewe alikuwa amesinzia, amani tupu usoni.

Niliwavuta wote wawili stoo, nikafunga mlango.

"Hamkuona?"

"Tuliona," alisema Chapuchapu.

"Mkaona, mkaendelea?"

"Ulikataza tusiseme."

"Kuna kusema na kusema, jamani."

"Wewe ulisema kabisa," alisema Shangazi, pole pole, bila hasira, jambo lililoniuma zaidi. "Meneja, sikiliza. Siku zote huyu akianza kunenepesha, namwambia, wewe, unafunga ng'ombe? Anapunguza. Mimi nikizidi kuwa mwembamba na kuchelewa, ananiambia, Shangazi, watatuzika hapa. Naongeza mkono. Ndivyo tunavyokutana katikati. Karatasi inasema wastani. Wastani wangu ni huu, wake ni ule. Leo nani angetukutanisha? Nikaja kukuambia, ukanifukuza kule kwenye sinki."

Miaka sita nimesikia yale maneno yao, kila siku, kwenye kila kichwa, nikayaita soga. Kumbe ndiyo rula yao. Meneja mzima sikujua kazi inayofanyika mbele ya macho yangu inafanyikaje, na Wifi aliuliza mezani swali ambalo jibu lake lilikuwa hili hapa, limekaa kwenye kiti namba mbili.

"Tumwambie ni mtindo," alinong'ona Chapuchapu. "Umetoka juzi. Unaitwa mlima na bonde."

Naomba nisifiche: nililifikiria. Nililifikiria hadi nikaanza kutafuta maneno. Ndipo sauti ikatoka kule mbele, sauti ya darasani, imeamka.

"Wifi, naomba kioo."

Nikatoka na kioo. Wifi alijitazama kulia, akajitazama kushoto, akarudi kulia, akakishusha kioo mapajani.

"Kesho," akasema, "nisimame upande gani?"

Hakuna aliyecheka.

"Ni kosa la nani?"

Hilo nalo ni swali la walimu, na jibu lake kila mtoto analijua: unaangalia chini, unaacha mwingine aseme. Shangazi aliangalia chini. Chapuchapu aliangalia chini. Wala hawangesema kitu; nilikuwa nimewakataza. Ningewaachia tu lile kosa likae mikononi mwao na Wifi angeamini, maana mikono iliyosuka ni yao.

"Langu," nikasema. "Hawa wanapimiana unene kwa maneno. Mimi niliwaambia wanyamaze tangu jana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yako, Wifi. Nilitaka uone hapa ni mahali pa watu makini." Mwanamke mzima, nina watoto wawili, nikatamani sakafu inifiche. "Shangazi alikuja kuniambia mapema, nikamnyamazisha tena."

Wifi alinitazama kupitia kioo kikubwa cha ukutani.

"Mimi nilidhani wamegombana," akasema hatimaye. "Nilikuwa naogopa hata kukohoa."

Kilichobaki kilikuwa kazi. Upande wa kushoto ulipaswa kufumuliwa wote, Shangazi amalizie wa kwake, Chapuchapu aanze upya kwa unene ule ule wa Shangazi, na jua lisizame kabla. Kusuka sijui, lakini kufumua hakuhitaji shule. Nikavuta kigoda, nikachukua kitana chenye mkia, nikaingiza vidole kwenye nywele za Wifi kwa mara ya kwanza tangu niolewe na ukoo wao. Zilikuwa laini kuliko nilivyotarajia. Sijui kwa nini nilitarajia ziwe ngumu.

"Ongeeni," nikawaambia wale wawili.

Wakaona haya. Watu hawa ambao nilishindwa kuwafunga mdomo miaka sita, sasa wamefunguliwa na hawajui waanzie wapi. Chapuchapu alikohoa. Shangazi akasema kwamba kuna joto.

"Basi yule wa sofa," alianza Chapuchapu kwa sauti ndogo, "ameng'oa mlango."

"Akang'oa na fremu?" alisema Shangazi. "Na wewe punguza hapo, unafunga ng'ombe."

"Na fremu. Sofa likaingia. Sasa fremu hairudi mahali pake."

Wakaendelea hivyo, mara sofa, mara unene, mara mume wa mwenye sofa ambaye analala akililinda sofa kwa kuwa nyumba haina mlango. Wifi alikuwa ameweka uso wa mkuu wa shule. Nilimwona kwenye kioo midomo inamtetema.

"Kwani hawakupima kabla?" aliuliza.

Hapo akawa amekwisha. Ndani ya saa moja alikuwa ametoa hukumu mbili, moja kali, na amemwaga mtama wote wa shule yake: mwalimu anayelala kwenye chumba cha ramani, mwalimu anayesahihisha daftari za wenzake kwa siri. Chapuchapu alicheka mpaka msuko ukamponyoka. Pande mbili zikawa zinapanda pamoja, zinafanana, hata mimi nisiyejua kitu niliona zinafanana.

Ilipofika saa kumi na moja hivi sauti ya Wifi ilishuka.

"Walimu thelathini na mmoja," alisema. "Nusu yao walimtaka mtu mwingine. Kesho nitawasimamia hao hao." Alikigeuza kile kioo mapajani. "Kufundisha najua. Mtoto ukimwambia kaa, anakaa. Watu wazima siwajui kabisa. Usiku silali."

Shangazi aliendelea tu kusuka. Chapuchapu naye aliacha kucheka.

Wifi aliinua macho, akanitafuta kwenye kioo pale nilipokaa na kigoda changu nyuma ya sikio lake.

"Wifi, wewe unawafanyaje wakusikilize?"

Aliuliza kwa dhati. Hakukuwa na mzaha hata chembe, wala meza, wala mashemeji wa kucheka. Nilikuwa nimeota swali la namna hiyo mara nyingi sana, na majibu nilikuwa nayo, mazuri, yamepangwa: ratiba, kanuni, uvumilivu, tabasamu. Nilifungua mdomo niyatoe. Mkononi nilikuwa nimeshika kamba ya mwisho ya upande wa kushoto, nene kama kidole gumba, nusu imefumuka.

"Hawanisikilizi, Wifi," nikasema. "Wamenisikiliza leo tu, na kichwa chako umekiona."

Kwanza alicheka Shangazi, kwa pua. Kisha Wifi. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwa sauti. Alicheka mabega yote yakitikisika, machozi yakamshuka, akajaribu kujizuia ikawa ndiyo mbaya zaidi, mpaka Chapuchapu akalazimika kumshika kichwa kwa mikono miwili.

"Tulia, Mwalimu," alimwambia. "Utatuharibia mstari."

Mkuu wa shule akatulia.

Baada ya muda alirudisha mkono nyuma bila kugeuka, akapapasa mpaka akapata goti langu, akauacha mkono pale.

"Kesho uje," akasema. "Ukae mahali ambapo nikiinua macho nitakuona."

Nikamwambia nitakuja. Kisha nikarudi kwenye ile kamba yangu nikaifumua polepole sana, maana nilikuwa nalia na sikuona vizuri vidole vyangu vilipo.